Kakule wa Kwanza

Simu ililia mara mbili, ikakatika, ikalia tena mara moja.

Nobert Syahuka alikuwa amesimama katikati ya mpunga, maji yakimfika magotini, jembe begani. Ilikuwa Jumatano, zamu yake ya maji pale Mubuku, na mtu wa Mubuku akiwa kwenye zamu yake ya maji hapokei simu hata ya mkwe.

Syahuka alipokea.

"Chumvi imekwisha nyumbani," ikasema sauti ya mwanamke.

"Ziwa la Katwe halijakauka," akajibu.

"Kasese. Saa sita. Kwa fundi viatu."

Ikakatwa.

Alitazama juu. Mlima ulikuwa umejifunika tangu Jumapili. Wingu zito, jeusi upande wa chini, lisilonyesha wala kuondoka. Ndege wa mpungani, ambao kwa kawaida hupiga kelele kama wanawake wa kwaya wakigombea sare, walikuwa kimya. Syahuka hakuipenda hali ile. Aliufungulia mfereji maji yaliyobaki, akanawa miguu, akapanda pikipiki yake ya Bajaj Boxer.

Majirani walimjua kuwa mkulima mpole anayetengeneza mizani siku za soko. Hawakujua kwamba mtu huyo wa miaka hamsini na mitatu aliwahi kukaa siku nne ndani ya pipa la samaki pale Katunguru akivizia wauza pembe, na alipotoka paka wa mji mzima wakamsindikiza hadi Kikorongo. Wala hawakujua kwamba aliwahi kuvuka mto Lhubiriha uliofurika akiwa ameshika mkia wa ng'ombe wa mtu aliyekuwa akimtafuta amuue. Ng'ombe alirudishwa. Mwenye ng'ombe yuko jela mpaka leo, na anadai ndama.

Saa sita kamili Syahuka alikuwa ameketi kwenye chumba cha nyuma cha fundi viatu, barabara ya Kilembe, kati ya viatu visivyo na wenzao.

Mbele yake alikaa Meja Lakot, mkuu wake wa kazi, mwanamke mrefu wa kaskazini aliyevaa gauni la mwalimu wa shule ya msingi. Gauni lilimkaa vizuri. Macho hayakukaa kimwalimu.

"Sikiliza mzuri, mimi nasema mara moja," alisema. "Kuna mutu ya nje, anaitwa Radek. Amepanga nyumba Bwera, juu ya kilima, anaangalia daraja ya Mpondwe. Anatafuta fundi ya mizani. Mutu ya nje anatafuta fundi ya mizani ya nini?"

"Si kupima mihogo, afande."

"Ijumaa ni soko. Tunasikia kitu itatokea Ijumaa, hatujui ni nini. Wewe nakwenda kama fundi. Unajua ni nini, unazima. Hii karatasi yako."

Aliisukuma bahasha. Ndani mlikuwa na kadi ya mpiga kura ya Kongo yenye picha ya Syahuka, na barua ya utambulisho. Syahuka alisoma. Akasoma tena. Akaiweka mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Afande, hii iliandikwa na nani?"

"Kampala. Vijana ya kompyuta. Wako na digrii."

"Inasema mimi ni Kakule Ephraïm wa Butembo, kifungua mimba wa mama yangu."

"Ndiyo."

"Afande, Kakule hawezi kuwa kifungua mimba."

Akamweleza. Kwa Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule, ambao ni ndugu waliotenganishwa na mto tu, jina la mtoto hutoka kwenye foleni ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku huku, Paluku kule. Wa pili Bwambale, au Kambale. Wa tatu Masereka, au Kasereka. Kakule ni wa nne. Hata mtoto anayechunga mbuzi Kitswamba anajua hilo kabla hajajua kufunga vifungo.

Lakot alikunja uso. "Iko shida kubwa?"

"Ni kama kumtuma mtu aseme ni askofu, na anaitwa Hajati."

"Basi tubadilishe jina."

"Tubadilishe, afande."

"Haiwezekani." Alisema bila kupepesa. "Kopi ilitumwa kwa Radek wiki iliyopita. Jina, picha, barua. Anangoja huyo huyo."

Nje, fundi viatu aligonga msumari. Ta. Ta. Ta.

"Huyo Radek hatajua," alisema Syahuka. "Lakini ndani ya nyumba yake kuna Mnande yeyote?"

Lakot alitazama dirisha.

"Mbili," akasema.

Ta.

"Ukishikwa, sisi hatukujui. Hakuna faili. Hakuna bendera juu ya sanduku. Unajua kazi."

"Najua kazi." Syahuka aliitia barua mfukoni. "Naomba kuuliza, afande. Hii nchi ninayotumwa kuifia, inajua mama yangu aliniita nani?"

Meja Lakot, aliyepigana vita viwili na kuzika kikosi kizima, aliikunja bahasha tupu mara mbili.

"Swali mzuri," alisema mwishowe. "Utaniuliza ukirudi."

*

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Bwera.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, ukuta mrefu, geti jeusi. Toyota Land Cruiser yenye vioo vyeusi ilielekezwa barabarani kama iliyo tayari kukimbia. Chini, Mpondwe: mabati ya soko, kisha daraja, kisha Kongo.

Aliyefungua geti alikuwa mwanamume mpana, kovu kutoka sikio hadi kidevu, bastola ya Makarov kiunoni bila aibu. Alimpekua mpaka kwenye soksi. Akafungua sanduku la kazi: springi, tupa, mawe ya mizani ya nusu kilo na ya kilo mbili. Akachukua simu ya Tecno.

"Hii utapata Ijumaa," alisema. "Saa ya mukono unaweza kubaki nayo. Ni ya kizee."

Ilikuwa Casio, kweli ya kizee. Ndani ya Casio hiyo mlikuwa na redio isiyozidi punje ya mchele, lakini hilo halikumhusu mwenye kovu.

Barazani, Radek alisimama kumpokea. Mwembamba, mweupe kama mshumaa, shati limepigwa pasi. Kiswahili chake kilikuwa safi mno, kama sahani ambayo haijawahi kuliwa.

"Karibu sana, Bwana Kakule. Nimefurahi kukufahamu. Hebu tuthibitishe." Akachukua kopi ya barua, akasoma kwa sauti. "Kakule Ephraïm. Fundi wa mizani. Kifungua mimba wa mama yake."

Mwenye kovu aliacha kutafuna.

"Patron, soma tena ile."

Radek akasoma tena.

"Miye pia njo Kakule," mwenye kovu alisema taratibu. Mkono wake ulishuka hadi kiunoni ukatulia juu ya Makarov. "Weye iko Kakule wa kwanza? Basi bale batatu beko wapi?"

Mlangoni pa jikoni alisimama mama mmoja mzee na mwiko mkononi. Naye alikuwa amesikia. Mwiko ulibaki hewani, ukidondosha mchuzi.

Huyo wa pili, akili ya Syahuka ilihesabu. Mbili.

Alitaka kukimbia, geti lilikuwa hatua kumi na nne nyuma, risasi ingelifika mapema zaidi. Akainamisha kichwa.

"Balikufa," alisema, kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mto. "Paluku alimaliza siku mbili. Kambale, surua. Kasereka hata hakulia. Mama anabahesabu wote ine. Lakini mutu wa karatasi aliniuliza, mukubwa ni nani? Nikasema, mwenye kupumua ni miye. Akaandika wa kwanza. Serikali inahesabu benye kupumua tu."

Nzi alitua kwenye barua, akaondoka.

Mkono wa Kakule mwenye kovu ulitoka kwenye bastola.

"Ata miye," alisema, sauti imeshuka. "Batatu bangu beko nyuma ya nyumba, Lubero. Ata mumoja sikumuona." Akavuta kiti. "Ikala, ndugu. Anastasie, leta chakula."

Radek alitabasamu bila kuelewa neno. Hilo ndilo lililomtisha Syahuka zaidi ya Makarov: mtu anayetabasamu asipoelewa.

*

Kazi ilikuwa kwenye stoo.

Mizani ya chini, ile ya jukwaa la chuma wanayotumia wanunuzi wa kakao, inayobeba gunia bila kuguna. Chini ya jukwaa mlikuwa na nafasi ya kutosha mtungi wa lita ishirini, na palinuka mbolea na dizeli.

Radek alieleza kwa adabu. Gunia likiwekwa, kipini kishuke, kiguse waya huu. Bwana Kakule asijishughulishe na waya.

Syahuka aliuliza maswali ya kijinga ambayo fundi huuliza, ili asiulizwe ya akili. Akapiga tupa. Kila Radek alipogeuka, alikisugua kipini kidogo zaidi, mpaka kikabaki kifupi kwa unene wa ukucha. Kisingefika kwenye waya hata wakipima ndovu.

Nje Kakule alikuwa amekaa juu ya debe akinywa bia ya Primus, mwenye maneno mengi kama mtu aliyepata ndugu uzeeni.

"Nilivalaka kofia tatu, Ephraïm. Ya serikali. Ya baasi. Kisha ya baasi benye kuasi baasi. Kila mukubwa aliniambia, kufa kwa ajili ya inchi, inchi njo hii. Nilikufia bendera tatu."

"Na uko hapa unakunywa."

"Njo maana nasema nilikuwa askari muzuri." Alicheka, kisha akaacha. "Sasa ni ya patron. Haina bendera. Iko na bahasha. Bahasha haiongopi."

"Haizikwi nawe pia."

Kakule alifungua chupa nyingine.

Saa kumi alasiri Anastasie alimwita jikoni achukue chai. Alimpa kikombe lakini hakukiachia.

"Kakule alikuamini juu ana batatu ba kweli," alinong'ona. "Miye nilizika batatu pia. Wa mwisho bajeshi balinileteaka kofia yake, bakasema kijana alikufa kwa inchi yake. Niliuliza, inchi ilimujua jina? Hakuna aliyejua. Kofia ata haikuwa yake, ilikuwa kubwa." Macho yake makavu yalimchimba Syahuka. "Mutu akisema juu ya batu bake benye balikufa, sura inaanguka. Yako ilikuwa inapiga hesabu. Weye si Kakule."

Kelele moja tu ingetosha. Alikuwa na haki ya kuipiga.

"Si Kakule," Syahuka alisema.

"Unatafuta nini hapa?"

"Na wewe, mama, una nani kesho sokoni?"

"Mutoto wangu, Mbambu. Anavuka na kakao kila Ijumaa."

"Basi mwambie asivuke."

"Namna gani? Hapiti hapa. Simu yangu banachukua kama yako. Atakuwa kwa daraja mbele ya jua kutoka." Akakiachia kikombe. "Ile mizani?"

"Ile mizani. Lakini nimeshaiua."

"Hakika?"

"Mimi ni fundi, mama."

Msikieni mtu mzima akijisifu. Ndivyo watu wanavyokufa.

Chooni, mlango umefungwa, aliisogeza Casio mdomoni.

"Chumvi kwa Kisima. Bomu ndani ya mizani, kipini nimekikata. Litawekwa darajani. Lengo, mlinzi wake ameropoka akilewa: kila nchi iseme ni nyingine, mpaka wa nchi ufungwe, majeshi yasogezwe."

"Na yeye anapata nini?" Sauti ya Lakot, mikwaruzo mingi.

"Ana ndege na uwanja wake. Barabara ikifungwa, dhahabu na kakao yote inapanda kwake."

"Wataalamu wanafika kesho saa sita mchana. Usimushtue. Akiona magari ya jeshi anahamisha kitu na tunamupoteza. Kaa nayo."

"Soko hujaa saa nne, afande."

"Kaa nayo, Chumvi. Hiyo ni amri."

*

Ijumaa. Mlima bado ulikuwa umejifunika, na wingu sasa lilikuwa limeshuka mpaka juu ya paa za Bwera.

Mizani ilikaa hatua thelathini kutoka darajani, chini ya turubai. Syahuka alisimama kuisoma. Kakule alisimama nyuma yake. Radek alibaki kilimani na darubini. Pande zote kulikuwa na watu: wenye vitenge vichwani, wenye maharage, wenye kuku walioning'inia kichwa chini, wenye mafuta kwenye madumu, wanaouliza bei kwa lugha nne na kulalamika kwa moja.

Anastasie alikuwa amefika na kapu la chakula, akisema patron ametuma. Patron hakutuma.

Saa nne na dakika kumi, msichana mwenye mabega ya mkulima aliangusha gunia la kakao, la kwanza siku hiyo, juu ya mizani.

"Soma muzuri, fundi," alisema. "Wa juzi aliniibia kilo mbili na bado alitaka namba ya simu."

"Mbambu, chunga kinywa," Anastasie alisema nyuma yake.

Gunia lilitulia. Sindano ikapanda.

Kisha Syahuka alisikia kitu.

Klik.

Kidogo sana, kama mtu anayefunga kalamu. Lakini kipini alichokikata hakikuwa na uwezo wa kutoa sauti. Aliinama kana kwamba anafunga kiatu, akachungulia chini ya jukwaa.

Springi mpya. Iliwekwa baada ya yeye kumaliza. Ilikuwa imebanwa na uzito wa gunia, na kipini kipya kilikuwa kinalifuata gunia kutoka chini, kikisubiri lipande.

Bomu halikungoja gunia liwekwe. Lilingoja litolewe.

"Haya, kilo ngapi?" Mbambu aliuliza, akilishika gunia masikio yake mawili.

Syahuka aligeuka akakaa juu yake.

Alikaa kweli, makalio yote, miguu ikining'inia, kama mfalme wa mchezo wa shule. Watu wakacheka. Mbambu akabaki mdomo wazi.

"Gunia yangu si kiti, mzee."

"Nimechoka," alisema Syahuka. Akamtazama Anastasie. Mama aliona uso wake, na safari hii uso ulikuwa umeanguka.

Alinong'ona, kidole kikiwa kwenye Casio. "Kisima. Wameibadilisha. Imeshawashwa. Nimeikalia."

Mikwaruzo. "Saa sita, Chumvi. Wako Kikorongo."

"Na watu hawa?"

"Ukipiga kelele ya bomu wanakanyagana kwa daraja, na mutu mumoja anagonga hiyo kitu. Kaa nayo."

Sasa mambo yalikuwa wazi, na yalimkalia vibaya kuliko gunia. Angeweza kushuka polepole, aseme anakwenda kukojoa, avuke daraja. Kampala isingemjua, lakini isingemjua hata akifa hapa. Kwa nchi ile kule, ya kompyuta na digrii, hakupata sababu hata moja ya kubaki. Alitafuta kwa uaminifu. Halafu akamwona Mbambu, mikono kiunoni, akingoja kilo zake.

Akabaki.

"Mama Anastasie," alisema kwa sauti ya chini. "Sogea. Ni nini huwaondoa watu wa soko hili bila mtu kukimbia?"

Mama alifikiri kwa muda wa kupumua mara moja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Syahuka amwone, alitabasamu.

Alitembea hadi kwa mwenye mafuta, akamwinamia sikioni. Maneno matatu.

"Ba ushuru banakuya."

Mwenye mafuta hakupiga kelele. Hakukimbia. Alifunga dumu lake, akalitupia kitenge, akawa mtu asiyekuwa na dumu. Akamgusa jirani. Jirani akamgusa mwenye vitenge. Neno lilikwenda meza kwa meza kama maji kwenye mfereji, bila mtu kuinua sauti. Sabuni zikaingia kwenye magunia, magunia kwenye mikokoteni, mikokoteni kwenye vichochoro ambavyo havimo kwenye ramani ya serikali yoyote. Watu hawa wamefanya hivyo tangu babu zao. Watoto wao hujifunza kabla ya kuhesabu. Hata wenye risiti waliondoka, kwa heshima.

Dakika tatu.

Soko la Mpondwe likawa mabati, maganda ya ndizi, na kuku mmoja aliyesahauliwa.

Mbambu hakuondoka kwa hiari. Mama yake alimburuta kwa sikio.

Walibaki wawili. Syahuka juu ya gunia, Kakule mbele yake. Na Makarov, imetoka.

"Weye njo umefukuza batu."

"Ndiyo."

"Weye ni nani?"

"Radek alikwambia gunia la kwanza litolewe saa ngapi?"

"Saa tano. Miye mwenyewe nilitoe, niweke pembeni. Mizani itapasuka baadaye, saa moja mbele. Tutakuwa juu ya kilima."

"Chungulia chini, Kakule. Usiguse. Chungulia tu, wewe ni askari."

Kakule alipiga goti, bastola ikiwa bado imemlenga, akachungulia. Alipoinuka kovu lake lilikuwa jeupe.

"Inangoja nitoe," alisema.

"Wewe ndiye kiberiti chake."

Upepo uliinua turubai ukaishusha.

"Na Paluku?" Kakule aliuliza ghafla. "Na surua? Na mutoto hakulia?"

Syahuka angeweza kudanganya. Alikuwa amekalia kilo ishirini za kifo, na aliona hapafai.

"Nilibuni. Mimi ni Baluku, wa kwanza kweli. Waliniandikia jina kimakosa, nikajiokoa na wafu nisiokuwa nao."

"Na bangu je? Nilikulilia. Jana nilikulilia kama ndugu." Mtutu ulikuwa karibu na paji la uso sasa. "Ulikanyaga kaburi zangu."

"Nilikanyaga. Nisamehe au piga. Lakini ukipiga nitaanguka, na gunia litaanguka nami."

Jicho la Kakule lilikuwa limejaa maji na hasira, na haikujulikana kipi kingemwagika kwanza.

"Juu ya nini unaikala hapo?" aliuliza. "Bakubwa bako batasema habakujui. Ni juu ya ile inchi?"

"Nilifikiria kuhusu nchi. Sikuona kitu. Nimekaa kwa sababu yule msichana alitaka kilo zake."

Kakule akaichomeka Makarov kiunoni.

"Namna gani tunaifunga?"

"Kuna tundu la kufuli ya kushika springi, upande wa kushoto. Radek aliing'oa kufuli. Tafuta msumari wa inchi sita."

Kwenye meza ya mwenye masanduku ulikuwepo. Kakule akalala kifudifudi kwenye matope na maganda ya kakao, msumari kati ya vidole viwili.

"Usitetemeke," Syahuka alisema.

"Nilitetemekea bendera tatu. Imeisha."

Msumari ukaingia nusu. Ukakwama. Juu ya kilima, injini ya Land Cruiser iliunguruma.

"Anakuja," Syahuka alisema.

"Nyamaza."

"Sukuma kwa kuzungusha."

"Nyamaza, Baluku."

Mgumu, mgumu, mgumu, kisha laini. Springi ikaguna, ikatulia.

Land Cruiser ilifunga breki mbele yao. Radek alishuka, shati lake bado limenyooka, bastola ndogo mkononi. Alitazama soko tupu kama mtu aliyeibiwa nyumba nzima nzima.

"Watu wako wapi?" aliuliza. "Tafadhali nielezeni. Watu wako wapi?"

"Balienda kula," Kakule alisema, akijipangusa matope.

Syahuka alishuka kwenye gunia taratibu, akasogea kando. Akainua mkono wenye Casio, kana kwamba anatazama saa.

"Saa nne na nusu, Bwana Radek. Umefika mapema. Litoe wewe gunia."

Radek alirudi nyuma hatua moja.

"Litoe, patron," Kakule alisema. "Si uliniambia halina neno?"

"Hapana," Radek alisema, na Kiswahili safi kikavunjika. "Hapana, usiguse, litalipuka, ninyi wajinga, litalipuka."

"Kisima, umesikia?" Syahuka aliiuliza saa yake.

"Nimesikia," saa ikajibu.

Radek alifyatua risasi moja. Ilimtoboa kuku aliyesahauliwa. Ya pili haikutoka: jiwe la mizani la kilo mbili lilikuwa limeruka kutoka mkononi mwa Syahuka na kumpata kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Radek aliangusha bastola, akaingia garini, akaiendesha kwa mkono mmoja kuelekea darajani.

Na pale darajani, kumbukeni, neno lilikuwa limefika kabla yake. Watu halisi wa ushuru wa upande huu, waliposikia kwamba watu wa ushuru wanakuja, walitoka ofisini kuwatazama ni akina nani hao, wakaona gari likipita bila kusimama, wakateremsha kizuizi nyuma yake. Wenzao wa ng'ambo, kwa kutotaka kupitwa, wakateremsha chao.

Land Cruiser ilisimama katikati ya daraja.

Mbele chuma, nyuma chuma, chini Lhubiriha. Mtu aliyetaka kufunga mpaka akawa ndani yake, na hakuna nchi iliyofungua.

*

Saa sita, magari yalifika. Watu wenye mabuti na kofia nzito waliizunguka mizani. Meja Lakot, gauni lile lile la mwalimu, alimkuta Syahuka akimnyonyoa kuku.

"Kulikuwa mulinzi ya Radek," alisema. "Ana bastola, ana kovu. Anaitwa Kakule. Iko wapi?"

Kwenye kichochoro cha mwisho, mgongo mpana ulikuwa unateremka kuelekea mtoni, bila haraka, bila kofia ya mtu yeyote.

Syahuka alitoa kadi ya mpiga kura, akamkabidhi.

"Kakule ni mimi, afande. Soma karatasi yako."

Lakot alisoma. Alitazama kichochoro. Alitazama kadi tena, kwa muda wa kutosha mtu kuvuka mto, akaikunja akaitia mfukoni.

"Uliniachia swali Kasese," alisema.

"Sina haja nalo tena."

"Mimi niko nayo." Alitoa daftari na kalamu. "Mama yako alikuita nani?"

Syahuka alimweka kuku chini.

"Baluku."

"Hiyo ni ngapi?"

"Ya kwanza."

Meja aliandika. Aliandika polepole, herufi kubwa, kama mtu anayejifunza, akapiga mstari chini yake.

Syahuka alichukua sanduku lake, akaanza kupanda barabara ya Bwera. Soko lilikuwa linarudi nyuma yake, meza moja moja, na mlima ulikuwa bado haujajifunua. Mbambu alimkimbilia.

"Mzee. Gunia yangu kilo ngapi?"

"Sitini na mbili na nusu," alisema bila kugeuka. "Ukiondoa mimi. Na usilitoe mpaka wale wenye mabuti wakwambie."